Chupa Iliyoandikwa Karafuu

Mkarafuu mmoja hutoa mafuta ya namna tatu. Kuna ya karafuu zenyewe, zile tumba zinazochumwa kabla hazijachanua na kuanikwa juani mpaka zikauke. Kuna ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki jamvini watu wakishamaliza kuchambua. Na kuna ya majani. Kilo 100 za karafuu kavu hutoa kilo 15 hadi 18 za mafuta. Makonyo ya uzito huo hutoa kilo 5 au 6, na majani hayafiki hata hapo. Lakini karafuu ni fedha, huuzwa nje ya nchi nzima nzima, na si kila mtu ana moyo wa kuitia kwenye tangi la mvuke. Makonyo ndiyo yanayochemshwa zaidi. Kule Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha mafuta cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na Wapemba hukiita kiwanda cha makonyo, basi.

Kwa hiyo chupa inayotembezwa mjini ikiwa imeandikwa "mafuta ya karafuu" yaweza kuwa na lolote kati ya hayo matatu. Yote hunukia karafuu. Yote hutuliza jino. Yote huzama majini, kwa sababu kiini chake ni kimoja, eujenoli, ambayo ni nzito kuliko maji. Ajabu ni kwamba makonyo yana eujenoli nyingi kuliko karafuu: mafuta yake hupita asilimia 90, ya karafuu huwa kati ya 75 na 85. Kilichojaza pengo hilo kwenye karafuu, hasa ile eujenili asetati, ndicho kinachoipa harufu ulaini na utamu wa mbali kama wa tunda. Ni tofauti ndogo. Nilimtazama mtu akiitafuta kutwa nzima.

Ana duka la manukato kwenye kichochoro kisicho mbali na soko la Darajani, Unguja. Wateja humwita Bi Mkubwa, nami sitamwita vingine. Rafu zimejaa vichupa: halwaridi, haludi, sandali, miski, langilangi, chini yake makopo ya udi na chupa za marashi. Mezani kwake hapana pambo. Kuna mizani ndogo ya sonara, bomba la sindano la kioo, tyubu nyembamba yenye mistari ya vipimo, bilauri mbili, spiriti ya duka la dawa na bahasha ya karatasi nyeupe nzito alizozikata mwenyewe kwa mkasi, kila moja upana wa kidole kidogo.

Kijana mmoja anayewauzia watalii viungo kwenye mashamba ya Kizimbani aliingia asubuhi na chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ndani yake mafuta. Ameyanunua kwa mtu, kwa bei ya karafuu, na anataka kuyatia kwenye vichupa vidogo. Alikuja kuhakikisha.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nani aliyekufundisha kutia mafuta haya kwenye plastiki?"

Akayamimina kwanza kwenye chupa ya kioo cheusi. Mafuta ya karafuu ni makali. Ukiyatia kwenye kile kikombe cheupe chepesi cha kutupa, hukitoboa kikombe, na hata plastiki ngumu ikikaa nayo siku nyingi huanza kulainika na kuyaharibu mafuta yenyewe. Chupa ya plastiki haithibitishi ulaghai. Inaonyesha tu kwamba aliyeyauza hakuyajali, na Bi Mkubwa aliliweka hilo akilini.

Nilitarajia ainuse. Hakuinusa. Alisema pua ikishatoa hukumu, macho na mikono huifuata, kwa hivyo yeye huiacha pua mwisho. Alimimina kidogo ya yale mafuta kwenye bilauri kavu, akasogea mlangoni penye mwanga, akaiinamisha. Alikuwa akitazama mambo matatu: kama kuna ukungu, kama kuna nyuzi zinazocheza ndani kama pale vimiminika viwili vinapokataa kuchanganyika, na namna mafuta yanavyoteremka ukutani mwa kioo. Mafuta ya kupikia yakichanganywa humo huteremka kwa uzito na kuacha utando. Haya yaliteremka upesi, yakaacha kioo kikavu. Rangi yake ilikuwa ya kahawia hafifu. Nayo haikumwambia kitu, maana mafuta mapya huwa karibu meupe na hukolea kwa umri, kwa hewa, au kwa kugusana na chuma.

Akaja kwenye mizani. Aliweka kichupa kitupu juu yake, akairudisha kwenye sifuri, kisha akavuta mafuta kwa bomba la kioo mpaka mstari wa mililita 10. Hapa aliniacha nimeduwaa kwa muda aliochukua. Alilisimamisha bomba, akaligonga kwa ukucha ili viputo vipande juu, akavitoa, akavuta tena, akalileta usawa wa jicho, akafuta ncha kwa karatasi ili tone lililoning'inia lisihesabiwe. Ndipo akamimina. Mizani ikaandika gramu 10.5. Maji ya ujazo huo yana gramu 10 kasoro chembe; mafuta ya nazi hayazidi sana gramu 9 na robo; spiriti haifiki 9. Kipimo kilikuwa pale pale kinapotakiwa. Wengi huishia kwenye kudondosha tone majini na kutazama kama litazama, naye hutumia mizani kwa sababu anajua hila ya wenzake wa soko: kuna viyeyusho visivyo na harufu, mathalani daiethili falati, ambavyo navyo ni vizito kuliko maji. Tone lililochanganywa na hicho huzama vizuri tu, na mnunuzi huondoka ameridhika. Lakini mililita 10 za kiyeyusho hicho zina uzito wa gramu 11 na ushei, na mizani huuona.

Tyubu ilikuwa ya kukamata pombe. Alitia mafuta mpaka mstari wa tano, akajaza maji mpaka wa kumi, akaziba kwa kizibo na kuitikisa, kisha akaisimamisha kwenye bati la mchanga na kuacha vitu vitulie. Kama mafuta yana spiriti au kiyeyusho kingine kinachopenda maji, hicho huhamia upande wa maji. Maji hugeuka maziwa na mafuta hupungua chini ya mstari wake. Tulisubiri. Maji yalibaki na ukungu kidogo, ukajisafisha wenyewe. Mafuta yalilala chini, kwenye mstari wa tano.

Kisha spiriti, na hapa kuna ufundi ambao sikuwahi kuufikiria. Mafuta ya karafuu huyeyuka kabisa katika spiriti ya asilimia 70, sehemu mbili kwa moja. Mafuta ya kupikia hayayeyuki, hubaki na wingu. Mtu angedhani spiriti kali zaidi ingekuwa kipimo bora zaidi. Kumbe sivyo: mafuta ya mbarika huyeyuka katika spiriti kali, na mghushi anayeijua kazi yake hutumia hayo hayo. Katika ile ya 70 hayawezi. Bi Mkubwa alitia spiriti tone kwa tone, akikizungusha kichupa baada ya kila tone. Mwanzo palitokea weupe, ukaja ukatoweka ghafla, na kichupa kikabaki safi kiasi kwamba maandishi ya gazeti yalisomeka nyuma yake.

Kijana alikuwa amekwisha kusimama. "Kwa hivyo ni mazuri?"

"Ni safi," alisema Bi Mkubwa. "Kaa."

Akamwita mjukuu wake, msichana wa umri wa skuli, akampa karatasi nne na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi, wino una harufu. Kutoka kabati la chini akatoa vichupa vitatu vyeusi ambavyo haviuzwi: mafuta ya karafuu, ya makonyo na ya majani, ambayo asili yake anaijua yeye mwenyewe. Yeye akageuka ukutani. Msichana akachovya kila karatasi katika chupa yake, sentimita moja tu, akaandika namba kwenye ncha kavu, akaandika mahali pengine namba ipi ni ya chupa ipi, akaficha. Karatasi zikabanwa kwenye waya mbali na mlango, mbali na jiko, mbali na zenyewe kwa zenyewe.

Bi Mkubwa akapita mbele ya waya. Karatasi haigusi pua. Huipitisha chini yake, pumzi fupi mbili, basi. Baina ya moja na nyingine alinusa mkono wa baibui lake. Maduka mengine huweka bakuli la kahawa kwa kazi hiyo, naye huona ni mbwembwe, kwani kahawa nayo ni harufu na sasa unazo mbili za kuondoa. Harufu ya nguo yako pua imekwisha kuizoea. Alipofika mwisho wa waya hakusema kitu. Saa ya kwanza, alinieleza, zote hupiga kelele.

Basi tukangoja, na kungoja kwake hakukuwa kukaa bure. Aliingia mama mmoja na kichupa cha halwaridi alicholetewa na jamaa kutoka Oman, anataka kujua thamani yake. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji maua kiasi cha tani nne, yachumwe alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu, ndiyo maana vichupa vingi vinavyoitwa halwaridi vimejengwa kwa mafuta ya jeranio na majani mengine yenye viini vinavyofanana na vya waridi. Bi Mkubwa alikifuta kichupa, akakitia kwenye friji, si kwenye barafu, na kuendelea na mambo mengine. Mafuta ya waridi yaliyokenekwa kwa mvuke yana nta yake ya asili, nayo huganda yakipoa chini ya nyuzi 20 hivi. Katika joto la Unguja mtu anaweza kuishi nayo maisha yake yote asilione jambo hilo. Alipokitoa, ndani mlikuwa na sindano nyembamba zinazong'aa, zimesambaa kote. Akamwekea yule mama kiganjani na kumfungia vidole. Zikayeyuka kwa joto la mkono peke yake. Nta iliyoongezwa na mtu, alisema, huganda donge, na haiondoki kwa adabu namna hiyo. Hata hivyo hakumwambia mama kwamba mafuta yake ni ya kweli. Alimwambia hajaona kasoro bado, na kwamba akiache kichupa mpaka kesho ili yeye apate kuyaweka mafuta kwenye karatasi.

Manukato ya kizungu hakuyapa muda mwingi. Bwana mmoja alileta boksi. Akatazama mshono wa karatasi ya nailoni, akalinganisha namba iliyo chini ya boksi na iliyo chini ya chupa, akabonyeza kifuniko kuona kama kinacheza, akarusha mara moja kwenye karatasi. Namba nazo hughushiwa, kwa hiyo kulingana kwake si ushahidi. Kutolingana ndiko ushahidi. Namba zililingana. Lakini kabla kahawa tuliyoagiza haijafika, karatasi ilikuwa imebaki na harufu ya sukari na hakuna kitu chini yake. Akamrudishia bwana boksi lake na kumwambia arudi alikonunua leo leo, risiti ingali mfukoni.

Kwenye udi alikawia, na nikaona anaupenda. Udi ni mti uliougua: kuvu huingia kwenye shina, mti hujitetea kwa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio tunaoulipia. Miti inayoutoa imevunwa hivyo hivyo mpaka ikawekewa ulinzi wa biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES, mmoja mwaka 1995 na jamii yake nzima mwaka 2004, na uhaba ukazaa mafundi wa aina nyingine, wanaopaka mbao za kawaida rangi na mafuta, au kuzipachika madini ya risasi ndani ili zizame majini kama udi mzito. Bi Mkubwa alisugua kipande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akakitazama kitambaa. Akakichunguza kipande upande uliokatwa: utomvu wa kweli hufuata mishipa ya mti, hukolea hapa na kupauka pale, ilhali rangi ya kupaka haina ubaguzi. Mwisho akachambua unyuzi mmoja tu, akauweka kwenye chetezo juu ya kaa lililokwisha kushika majivu. Kwenye kaa jekundu udi huungua badala ya kufuka, na udi unaoungua hufanana wote. Unyuzi ukatokwa na vipovu vidogo, ukatoa moshi mwembamba, mtamu, usiouma macho. Alipounusa alifumba macho kidogo, mara moja tu siku ile.

Karatasi ya mtu mwingine, aliyekuja kuuliza mafuta ya sandali, ndiyo iliyonifunza kutoamini vipimo vya haraka. Watu husema: dondosha mafuta kwenye karatasi, yakiacha doa ni feki. Kwa karafuu ni kweli kwa kiasi, doa huondoka baada ya saa kadhaa na la mafuta ya kupikia hubaki daima. Lakini sandali, haludi na mafuta mengine mazito huacha doa siku nyingi hata yakiwa safi kabisa, na mwenye kufuata kanuni ile angetupa mali nzuri. Kwa sandali wasiwasi wa Bi Mkubwa ni mwingine: mti. Msandali wa Afrika Mashariki si ule wa India. Ni mti wa jamii nyingine, ulivunwa Kenya kwa pupa mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2007, na mwaka 2013 nao ukaingia kwenye orodha ya CITES. Mafuta yake hupitishwa kwa jina la nduguye. Yana harufu nzuri, tena sana, ila si hiyo iliyoandikwa.

Vivyo hivyo langilangi inayokuja kutoka Komoro. Ukenekaji wake huchukua saa nyingi, hata 18, na mkenekaji huyagawa mafuta kadiri yanavyotoka: ya mwanzo kabisa huitwa ekstra, kisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yote ni langilangi, ua lile lile linalotiwa kwenye kikuba. Mwuzaji hana haja ya kuchanganya chochote. Anabadilisha kibandiko tu.

Nilimwuliza kwa nini asipeleke maabara. Huko wana mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kila kiungo cha mafuta na kuchora kilele chake; eujenoli itaonekana hapa, asetati yake pale, na mchoro wa makonyo hautafanana na wa karafuu. Hana ugomvi na mashine. Huipeleka mali kubwa huko. Shida yake ni karatasi za maabara zinazoletwa dukani zimekunjwa mfukoni mwa mwuzaji, kwa sababu karatasi hueleza chupa iliyopelekwa, na hakuna anayejua kama ndiyo hii iliyo mezani.

Baada ya adhuhuri alipita tena mbele ya waya. Akaitoa moja mara moja: "Hii majani." Ilikuwa na ukavu wa kijani ambao hata mimi, nikielekezwa, niliupata. Tatu zilizobaki aliziacha. Zilikuwa zinakaribiana mno.

Alasiri, aliporudi kutoka kuswali, harufu kali zilikuwa zimeondoka na karatasi zimebaki na kile kilicho chini. Alinusa ya pili, akanusa baibui, akanusa ya nne, akakaa kidogo, akairudia ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa bado na mviringo, na ule utamu wa tunda haujaisha. Ya pili na ya nne zilikuwa zimenyooka, kavu, zenye mti ndani yake. Akazitoa hizo mbili na kuziweka pamoja mezani.

"Hizi ni mama mmoja."

Msichana akafungua siri yake. Ya nne ilikuwa ya kichupa cha makonyo. Ya pili ilikuwa ya kijana. Bi Mkubwa hakuridhika; akageuka tena ukutani, karatasi zikachanganywa, namba zikafunikwa. Akanusa upya, pole pole vile vile, akazikutanisha zile zile.

"Kwa hivyo ni feki," kijana akasema, ameshika chupa yake kama anayetaka kuimwaga.

"Weka chini. Si feki. Mafuta haya ni safi kuliko mengi yaliyopita mezani hapa, hayakutiwa hata tone la kitu. Ila hayakutoka kwenye karafuu. Ni makonyo matupu."

"Mtalii atajua?"

"Hatajua."

Kijana akafikiri. Vibandiko alikuwa amekwisha kuchapisha. Akauliza kama haiwezekani kuandika "mafuta ya mkarafuu", maana makonyo nayo yametoka mkarafuuni, na hapo hakuna aliyesema uongo.

Bi Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. "Andika. Lakini uuze kwa bei ya makonyo. Na aliyekuuzia mfuate akurudishie kilichozidi, mwambie yamepimwa na nani." Akamtuma mjukuu kuleta faneli, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka nusu lita kwa ajili ya watu wa meno. Kijana akataja bei. Bi Mkubwa, akiwa anaosha bomba la kioo kwa spiriti, akamwambia hiyo ni ya karafuu, ataje nyingine.